Jina la Mstari wa Kwanza

Siku Kurwa alipostaafu ukunga, wenzake wa wodi ya wazazi hawakumpa saa ya ukutani wala seti ya vikombe. Walimpa safari.

Kurwa halikuwa jina lake la cheti. Yeye na mdogo wake walipishana mwaka mmoja kasoro mwezi, wakavalishwa nguo za kitambaa kimoja na kunyolewa siku moja, hadi mtaa mzima ukawafanya pacha. Mkubwa akawa Kurwa, mdogo akawa Doto, na majina yakaganda kama gundi. Hata sasa, akiwa na miaka sitini kamili, daktari mkuu alimwita Kurwa kwenye hotuba ya kumuaga, na watu wakapiga makofi. Doto hakuwepo. Ilikuwa miaka kumi na tisa tangu waliposemezana mara ya mwisho.

Safari yenyewe ilitokana na picha. Wodini, ukutani mbele ya kitanda cha tatu, ilining'inia kalenda kuukuu iliyokwisha miezi yake yote, ikabaki picha tu: uwanda wa nyasi juu kabisa ya mlima, maua madogo ya manjano, kijito, na nyuma yake majabali yenye theluji. Wanawake waliobanwa na uchungu walipenda kuikazia macho. Kila wapaka rangi walipoiondoa, Kurwa aliirudisha. "Hii picha imezalisha wengi kuliko mimi," alikuwa akisema.

Muuguzi mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu alianza kuongea alfajiri na hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia, ndiye aliyesoma maandishi madogo chini ya picha. Akagundua kwamba mahali penyewe ni hifadhi ya taifa, mwendo wa siku moja kwa basi. Wenzake wakapanga kila kitu, na Redio akajiteua msindikizaji.

Walifika lango la hifadhi saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, mizani ya kupimia mizigo na ramani iliyofifia kwa jua. Karani, mama wa makamo aliyevaa sweta mbili, aliinua kichwa na uso wake ukachangamka.

"Karibu tena, mama. Afya imerudi?"

Kurwa alidhani ni adabu ya wageni. "Afya njema, nashukuru."

"Na safari hii umekuja na mwenzako. Umefanya la maana. Mwaka jana ulitutoa jasho na baridi yote hii."

"Mwaka jana?"

Simu ya mezani ikalia. Karani akaipokea, na kwa kidole akawasogezea fomu mbili.

Redio alimtazama Kurwa. "Mwaka jana ulikuja huku? Si ulituaga unakwenda kumuuguza shangazi yako?"

"Nilikwenda kumuuguza shangazi."

"Shangazi wa mlimani?"

"Acha utani. Kanifananisha."

Kurwa alijaza fomu. Mstari wa juu uliuliza jina. Wa chini uliuliza jina na simu ya mtu wa kuarifiwa likitokea lolote. Hapo kalamu yake ikasita. Mumewe alikuwa amefariki, mtoto wake wa pekee alikuwa ng'ambo, huko ambako saa hizi watu walikuwa wamelala. Akaandika jina la Redio.

"Mimi?" Redio alichungulia begani kwake. "Mimi si ninapanda nawe? Tukiporomoka pamoja, nijipigie simu mwenyewe?"

Walicheka, lakini Kurwa hakucheka hadi mwisho. Neno la karani lilikuwa limemkaa kama punje ya mchanga jichoni. Mama yao alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kuuliza swali moja mara mbili, kisha akakana kwamba aliwahi kuhudhuria harusi ya mpwa wake, na alipoonyeshwa picha akiwa amekata keki mwenyewe, alisema huyo ni mwanamke mwingine aliyeazima gauni lake.

Gari la hifadhi liliwapandisha hadi barabara ilipoishia. Kuanzia hapo ilikuwa miguu. Miti ikawa mifupi, ikawa vichaka, ikaisha. Pumzi nazo zikawa za kuhesabu. Kichwa kilianza kumgonga Kurwa juu ya macho, na kila alipopumzika juu ya jiwe alijiuliza kimoyomoyo maswali aliyozoea kuwauliza wagonjwa wanaozinduka. Leo siku gani? Alhamisi. Uko wapi? Mlimani. Nani yuko pembeni yako? Redio, na bado anaongea. Alijibu yote sawasawa. Lakini mama yao pia, mwanzoni, alijibu yote sawasawa.

Walipolipita jiwe la mwisho, uwanda ukafunguka mbele yao ghafla, mkubwa kuliko alivyowahi kuuwazia. Nyasi zilikuwa fupi, zimesukana kama mkeka, na katikati yake maua ya manjano yasiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Maji yalipita chini ya nyasi bila kuonekana, ukiyasikia tu. Njia ya mbao ilikatiza uwanda ili watu wasikanyage ardhi laini, na kule mwisho yalisimama majabali na theluji yake.

Kurwa alipaswa kufurahi. Badala yake alisimama kinywa wazi. Kuna kitu hakikukaa sawa. Alifunga macho, akayafumbua. Katika picha aliyoitazama maisha yake yote ya kazi, kijito kilipita kushoto, na jabali lenye ncha mbili lilikuwa kulia. Hapa kijito kilikuwa kulia, na jabali kushoto.

"Redio, ile picha ya wodini, kijito kiko wapi?"

"Kiko humo kwenye picha, kiende wapi?"

"Upande gani?"

Redio alifikiri, akaangalia mikono yake yote miwili. "Sasa umenichanganya na mimi."

Kando ya njia ya mbao palikuwa na kibanda cha mawe. Mlangoni alitokea askari wa hifadhi, mtu mrefu mwenye mvi kidevuni, na alipomwona Kurwa alivua kofia.

"Shikamoo, mama! Umerudi kweli. Mimi nilisema, huyu mama atarudi tu."

"Marahaba, mwanangu. Lakini unanifananisha."

"Mimi?" Askari alicheka. "Nimfananishe mtu niliyembeba mgongoni nusu saa? Hata uzito wako ninaukumbuka."

Kwa mara ya kwanza tangu kupambazuka, Redio alinyamaza. "Kaa chini," Kurwa aliwaambia wagonjwa wake wengi, na sasa alijiambia mwenyewe. Akakaa kwenye benchi la kibandani.

"Niambie," alisema. "Nilifanya nini?"

Askari alimwangalia kwa mashaka kidogo, kama mtu anayeulizwa jibu ambalo muulizaji analo. Lakini alieleza. Ulikuja peke yako, alisema. Ulisimama muda mrefu pale kwenye kona ya mbao. Kisha ukashuka kwenye mbao, jambo ambalo haliruhusiwi, ukaenda hadi lile jiwe jeupe. Ukungu ukateremka. Ilituchukua saa nzima kukutafuta. Nilikukuta umekaa, unatetemeka, unaongea.

"Nikisema nini?"

"Ulikuwa unamwita mtu. Ulisema, 'Geuka basi. Geuka, njoo.' Mimi nikadhani unaniambia mimi."

Kurwa alimtazama Redio, na Redio akatazama sakafu.

"Nikawaambia watu wa langoni kwa redio ya upepo wapige namba ya ndugu yako uliyoiandika," askari aliendelea. "Wakapiga. Simu ikalia ndani ya mkoba wako mwenyewe! Hata wewe ulicheka, na meno yakigongana."

"Na jina langu? Nilikwambia naitwa nani?"

Askari akalitaja. Lilikuwa jina lake kamili la cheti, yote matatu, ambalo hata wodini hakulijua mtu isipokuwa ofisi ya mishahara.

Basi tena, Kurwa aliwaza. Imeanza. Aliona mbele yake kiti cha mama yao karibu na dirisha, na mama yao akikunja na kukunjua leso ile ile mchana kutwa. Alitaka kulia lakini hakujua alilie lipi, safari asiyoikumbuka au zile zitakazofuata.

"Oo, halafu," askari alisema, akanyoosha mkono kwenye rafu na kushusha kopo la bati. "Uliisahau miwani. Nikasema nitaitunza."

Kurwa aliipokea. Yeye alikuwa na miwani yake ya kusomea, ikining'inia kifuani kwa kamba. Hii ilikuwa na fremu nyeusi, mkono mmoja umefungwa kwa uzi wa buluu uliozungushwa vizuri na kupigwa fundo dogo. Akaivaa. Uwanda wote ukayeyuka mbele yake kama sabuni kwenye maji. Nyasi, mbao na askari vikawa uji mmoja. Akaivua, vikarudi. Akaivaa, vikayeyuka.

"Hii si yangu," alisema polepole. "Mimi naona mbali kama mwewe. Herufi ndizo zinanishinda."

"Sasa ni ya nani?" Redio akauliza.

Kurwa alikuwa amemkumbuka msichana wa darasa la tatu aliyekaa dawati moja naye, akikunja uso kuelekea ubaoni, na yeye mwenyewe akimsomea kwa kunong'ona mpaka mwalimu akawatoa nje wote wawili.

"Ni ya mdogo wangu," alisema. "Alikuja Doto."

"Doto gani? Miaka kumi na minne nafanya kazi nawe, hujawahi kumtaja Doto."

Ndipo Kurwa, akiwa sasa ametoka nje na kukaa juu ya njia ya mbao, miguu ikining'inia juu ya nyasi, alipomweleza. Doto alipata mimba yake ya kwanza akiwa na miaka arobaini. Alikataa hospitali nyingine yoyote. Alitaka mikono ya dada yake. Walimlaza kitanda cha tatu, asubuhi moja yenye jua, akaikazia macho kalenda kama wote. Mchana mtoto akaja, wa kiume, na hakulia. Kurwa alifanya yote aliyofundishwa, kisha akayafanya tena, na tena, mpaka daktari alipomshika kifundo cha mkono. Alimfunika mtoto, akampa mwenzake, akanawa mikono, akatokea mlango wa nyuma. Aliyekwenda kumwambia Doto ni muuguzi mgeni aliyekuwa na wiki mbili kazini.

"Wiki iliyofuata akahamia mji mwingine na mumewe," Kurwa alisema. "Sikumlaumu. Ukimwona aliyemuua mwanao, utakaa naye meza moja?"

"Alikwambia umemuua?"

"Hakuniambia kitu."

"Basi ulijuaje?"

Miaka kumi na tisa Kurwa alikuwa na uhakika, na sasa, hewa ikiwa haba na kichwa kikimgonga, alitafuta uhakika huo ulikotoka, asione mahali.

Askari aliwaongoza hadi kwenye kona ya mbao, mkabala na jiwe jeupe. Hakuwaruhusu kushuka. "Nyasi za huku zinaota kwa kujifikiria," alisema. "Tazameni wenyewe." Akanyoosha kidole. Kutoka kwenye ukingo wa mbao hadi kwenye jiwe, nyayo za mtu zilikuwa bado zimedidimia kwenye ardhi laini, mwaka mzima baadaye, na maji kidogo yakimeta ndani ya kila moja. Kurwa akazihesabu: kumi na saba za kwenda. Ziliinama upande wa ndani kama za kwake. Kwa muda alisahau tena nani ni nani, akahisi kama anatazama mahali alipopita mwenyewe, na hakuweza kukumbuka alikuwa akienda kumfuata nani.

Ukungu ulipoanza kumwagika kutoka majabalini, askari aliwageuza. Miwani aliiruhusu iende.

Langoni, saa tisa alasiri, Kurwa alimwomba karani fomu ya mwaka jana. Karani alilalamika kidogo, akavuta faili, akalaza karatasi mezani. Mwandiko ulikuwa wa Doto, mlegevu, herufi zimelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mstari wa kwanza, wa jina la mgeni, ulikuwa na jina kamili la Kurwa. Mstari wa chini, wa mtu wa kuarifiwa, ulikuwa na jina la Doto mwenyewe, na namba ya simu.

"Kumbe alipindua," karani alisema. "Wengi wanapindua. Mistari yenyewe inachanganya."

Kurwa aliiandika namba kiganjani. Pale langoni mtandao ulipatikana sehemu moja tu, nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji, na alikwenda kusimama hapo. Redio akabaki mbali, akijifanya anasoma ramani.

Simu iliita mara nne.

"Halo?"

Sauti ilikuwa kama yake mwenyewe iliyorekodiwa. "Ni mimi," Kurwa alisema.

"Mimi nani?"

"Kurwa."

Upande wa pili cherehani iliyokuwa ikikimbia ilisimama.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona unapiga?"

"Niko mlimani. Nina miwani yako."

"Miwani yangu nimeivaa."

"Ile ya zamani, yenye uzi wa buluu. Kwa nini uliandika jina langu kwenye fomu?"

"Niliandika chini. Mtu wa kuarifiwa."

"Liko juu, Doto. Mstari wa kwanza. Siku nzima wananiambia nilikuja mimi. Nilidhani nimekuwa kama mama."

"Sijui basi," Doto alisema. "Nilikuwa nasikia kizunguzungu. Wakaniuliza jina, nikaandika lililonijia. Hata namba yako sikuwa nayo. Usinihoji kama polisi."

"Sikuhoji."

"Nilitaka kuona kama ile picha ni kweli. Nimeitazama siku nzima ile, unajua. Halafu nafika, kila kitu kimekaa kinyume."

"Kijito!" Kurwa alisema.

"Kijito kiko upande mwingine! Nilidhani ni akili yangu."

"Wameichapa kinyume, hawa watu. Na mimi nimesimama pale kama kinyago."

Wote wawili walijikuta wanacheka, kicheko kifupi, kikakatika kama kilivyoanza. Kurwa aliegemea tangi. Alikuwa na maneno aliyoyatunza miaka kumi na tisa, na yote yalimtoka shagalabagala.

"Doto, mimi sikuweza kumwokoa. Najua unanilaumu. Mikono hii..."

"Mikono?" Doto alikatiza. "Nani kataja mikono? Niliiona mikono yako ikihangaika. Kilichoniuma ni mgongo wako. Nilikuona unatoka, nikakwita. Nikakwita mara mbili. Nikakaa siku tatu pale kitandani, kila mlango ukifunguka nageuza kichwa."

"Nilidhani hutaki kuniona."

"Na mimi nilidhani hutaki kuniona wewe. Sasa nani alikuwa hamtaki mwenzake?"

Upepo ulipiga tangi, na Kurwa alimsikia Doto akihema.

"Njoo," Doto alisema mwishowe, karibu kwa ukali, na akamtajia mtaa na mlango. Kisha simu ikakatika, na Kurwa hakujua kama ni mtandao au mkono.

Asubuhi iliyofuata, stendi, Redio alimkumbatia na kumwambia, "Nenda. Nyumbani nitaongea kwa niaba yako."

"Hilo sina wasiwasi nalo," Kurwa alisema, akapanda basi lingine.

Doto aliishi nyuma ya duka lake la mapazia. Mezani palikuwa na milima ya kitambaa cha kijivu cha shule fulani, mkasi, chaki, na cherehani iliyovuliwa kifuniko. Walisimama mlangoni wakitazamana. Kila mmoja alisogea upande ule ule wa kumpisha mwenzake, mara mbili, kisha wakakumbatiana vibaya, paji kwa paji, na miwani ya Doto ikaanguka. Mume wa Doto, mwanamume mpole mwenye fimbo, aliwatengea chai, akasema ana shughuli sokoni, ingawa ilionekana wazi hana.

Walizungumza mambo madogo kwanza. Shangazi anaendeleaje. Nani kaoa. Chai ikapoa. Doto alikuwa akilaza mshono kwa kucha yake, mbele na nyuma, na hakuinua macho alipouliza:

"Alikuwa na uzito gani?"

Kurwa alielewa. Hawakuwa wamemwonyesha mtoto. Siku hizo waliona ndiyo huruma. Na hapo hofu ikamshika kuliko ya mlimani, kwa sababu alikuwa amewapokea maelfu, na kwa muda mfupi ndani ya kichwa chake palikuwa peupe kama ukungu. Alitazama mikono yake, akaikunjua, kana kwamba kuna kitu bado kimelala juu yake.

"Kilo tatu," alisema. "Kilo tatu na gramu mia moja."

"Mkubwa."

"Mkubwa. Na nywele nyingi, zimelalia upande mmoja."

"Upande gani?"

Kurwa aliinua mkono wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto. "Huu," alisema. "Nadhani huu."

Doto alisukuma kitambaa pembeni, akavuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana.

"Anza mwanzo," alisema. "Nilipofika. Usiruke kitu."

"Ulifika saa mbili asubuhi," Kurwa alianza. "Ulikuwa umevaa gauni la kijani."

"La njano."

"La njano," Kurwa alisema, akaendelea.